Neno la Mwisho la Mzee Spana

4 Machi

Binti yangu mpendwa,

Marahaba ya mapema, maana najua shikamoo yako iko njiani. Mimi sijambo, ni goti tu linalonikumbusha umri kila nikipanda ngazi. Shangazi yako naye hajambo, ila sikio lake la kushoto limegoma kabisa, kwa hiyo humu ndani tunaongea kama watu wa mnadani. Wewe je? Kifua kimepona? Huo mvuke wa kufulia usiuchezee.

Habari mbaya umeshazipata, naamini. Wametangaza Jumapili, mara tu baada ya kipindi: Chombo cha Tisa kinafutwa. Misimu mitatu tumewafuata wale watu huko angani, wamepotea njia, wamekosa hewa, wameotesha mboga kwenye ndoo, na sasa tunaambiwa kimebaki kipindi kimoja tu kwa sababu watazamaji ni wachache. Wachache wapi? Kinyozi wa hapa chini, ambaye ndiye mwenye televisheni kubwa, Jumapili jioni viti havimtoshi.

Mimi nina hofu yangu nyingine, na nitaitoa ili isinikae kooni. Ulipoondoka baada ya mazishi ya mama yako uliniambia nisikupigie simu tena. Miaka mitatu sijapiga. Lakini hukusema nisiandike, nami nikapitia dirisha hilo kama mwizi, nikakuandikia habari za yule fundi mkuu wa chombo, ambaye jina lake halisi halitamkiki na sote tunamwita Mzee Spana. Ukajibu kwamba ni mbishi kama fundi fulani wa lifti unayemjua. Nilifurahi wiki nzima. Tangu hapo barua zetu ni Chombo cha Tisa mwanzo mwisho, hakuna kingine. Sasa kikiisha, mimi na wewe tutaandikiana nini?

Baba yako


12 Machi

Baba, shikamoo.

Mimi mzima, kifua kimetulia. Mpe shangazi salamu zangu, na umpe kwa sauti.

Hapa hotelini chumba cha kufulia kimepoa kama nyumba iliyofiwa. Bi Pasi, yule mama wa meza ya pili niliyekwambia anakunja shuka huku amefumba macho, ameapa kutolipa tena ada ya king'amuzi maisha yake yote. Tumewaandikia barua watu wa televisheni nyuma ya fomu ya kuhesabia taulo. Waliosaini ni ishirini na tatu, pamoja na mpishi mmoja ambaye hajawahi kutazama hata dakika moja, alisema anasaini kwa ajili ya haki. Msimamizi wetu, tunayemwita Kapteni, alifuta matusi yote, kisha akaisoma tena na kurudisha nusu yake.

Sisi wa kufulia tunataka kitu kimoja tu: watu wale wafike nyumbani. Basi. Hata kama ni kwa kuungaunga.

Kuhusu swali lako la mwisho, tutaona. Usinibane, Baba.

Bintiyo


20 Machi

Binti yangu,

Salamu kwako na kwa wenzako wa kufulia. Sisi wazima wa mwili, ila roho zimechafuka.

Umeona walichotufanyia? Chombo kinapasuka katikati. Abiria arobaini bado wamelala kwenye ukumbi wa nyuma, mlango umekwama, na Mzee Spana yuko peke yake anauzungusha kwa mkono. Binti yake, yule Dokta, ameshaingia kwenye kile chombo kidogo cha kuokolea na anamwita redioni, "Baba, njoo." Naye anamjibu maneno mawili. Giza! Majina ya waigizaji yanaanza kupanda. Kinyozi aliipiga televisheni kofi akidhani imeharibika. Alikuwa amemnyoa mteja nusu kichwa, na mteja mwenyewe ndiye aliyekuwa akipiga kelele kuliko wote, akatoka nje hivyo hivyo, upande mmoja msitu, upande mmoja uwanja.

Watu wamegawanyika hapa. Mwalimu mstaafu anasema wote wamekufa, tusijidanganye. Kinyozi anasema wasipoonyesha maiti, mtu yu hai. Nusura washikane mashati.

Shangazi yako alinivuta mkono akauliza, "Amesema nini? Amesema nini mwishoni?" Mimi ndiye niliyekaa upande wa sikio lake zima. Sikuweza kumwambia.

Baba yako


27 Machi

Baba, shikamoo.

Natumaini goti linakuhurumia. Mimi sijambo.

Alisema, "Bado kidogo." Nayaandika mimi kwa kuwa wewe umeyakwepa.

Nilitazama pamoja na wenzangu, tumekaa juu ya vifurushi vya mapazia. Giza lilipoingia Bi Pasi alianza kutukana ukoo wote wa mwandishi, lakini mimi nililia. Nililia mpaka Kapteni akanitoa nje. Wenzangu walidhani ni kwa sababu ya kipindi, na kweli ilikuwa hivyo mwanzoni.

Siku ile ya Mama nilikupigia simu mara nne kutoka kwenye korido ya hospitali. Mara nne ulinijibu maneno hayo hayo. Kuna watu wamekwama kwenye lifti, ulisema, bado kidogo. Ulifika saa moja jioni na mafuta ya mashine mikononi, na Mama alikuwa ameshatutoka tangu saa kumi. Sikutaka kusikia habari ya lifti yako. Sikuwahi hata kuuliza ndani yake walikuwamo akina nani.

Sasa hapa ukutani, juu ya mashine kubwa, tumebandika karatasi na kila mtu anaandika mwisho wake mwenyewe. Wa Bi Pasi ni kwamba Mzee Spana anatoka na abiria wa mwisho, kisha anawagombeza wote kwa kumwachia mlango mchafu. Zamu yangu ilipofika niliandika kwamba Dokta hakumkasirikia baba yake, kwa sababu kulikuwa na watu nyuma ya mlango, na yeye angefanyaje? Nikaweka kalamu chini. Baba, nilimsamehe mtu wa kwenye televisheni kwa dakika moja, na wewe nimekununia miaka mitatu kwa kosa lile lile. Nadhani nilikuonea. Nisamehe.

Bintiyo


2 Mei

Baba, shikamoo.

Hujajibu. Mwezi umepita na siku zake, si kawaida yako. Unaumwa? Kama ni shangazi anaumwa, niambie. Kama ni mimi nimekosea kuandika yale, niambie pia. Kuna siku nimekwenda kwenye sanduku la barua mara mbili, mlinzi ananicheka.

Bintiyo


21 Mei

Binti yangu,

Mimi mzima. Shangazi yako mzima. Hujakosea kitu, ondoa wasiwasi huo leo hii.

Barua yako ya Machi nimeisoma mpaka mikunjo imechanika. Nilimsomea shangazi yako, akapiga vigelegele. Kinyozi akanipa mkono. Nikakaa kuandika jibu la kukushukuru, nikaandika mara tano, na mara tano nikachana. Ingekuwa rahisi mno kunyamaza. Ungenisamehe, ningekuja kukuona, tungekunywa chai. Nilitamani hivyo, sikufichi. Nilitamani sana.

Ulisema hukuuliza ni akina nani waliokuwamo. Walikuwa wanne: karani mmoja, mama na mwanawe wa kike, na mzee aliyebeba kioo cha dirisha. Lifti ilikwama kati ya ghorofa ya sita na ya saba. Nilipanda chumba cha mashine kule juu ya paa, mwenzangu wa zamu akaachia breki na mimi nikazungusha gurudumu kwa mkono, kidogo kidogo, kama Mzee Spana kweli. Tukawatoa. Hata kioo hakikupata ufa.

Walitoka saa saba mchana, binti yangu.

Saa saba. Mwenzangu aliniambia, "Nenda hospitali, haya mengine nitamalizia mimi." Nikamwambia aende yeye akale. Nikabaki. Nilipaka nyaya mafuta, zilikuwa hazihitaji mafuta. Niliipandisha lifti tupu mpaka juu nikaishusha mpaka chini, nikaipandisha tena. Kila ulipopiga nilisema bado kidogo, na kwenye simu yako ya tatu na ya nne hakukuwa na mtu yeyote ndani. Niliogopa. Lifti naijua, ikiharibika najua pa kushika. Kule kitandani kwa mama yako sikujua pa kushika. Nilijiambia kwamba nikichelewa kidogo nitamkuta amepata nafuu.

Yule wa kwenye televisheni alikuwa na watu arobaini nyuma ya mlango. Mimi sikuwa na mtu. Msamaha wako umempa yeye, na ni haki yake. Mimi siwezi kuuchukua.

Baba yako


18 Juni

Binti yangu,

Hujambo? Sikudai jibu. Naandika tu kukujulisha kwamba shangazi yako anakusalimu, na kwamba kinyozi ameanza kutuwekea marudio ya msimu wa kwanza. Mzee Spana bado ana nywele. Sikuweza kutazama mpaka mwisho, nikarudi juu.

Ukiamua kunyamaza, nitaelewa. Nitaendelea kuandika mara moja kwa mwezi, usisome kama hutaki.

Baba yako


30 Julai

Baba, shikamoo.

Mimi mzima wa mwili. Shangazi naomba umwambie nampenda.

Barua yako ya Mei niliitia kwenye mfuko wa aproni, nikaisahau, ikaingia mashineni pamoja na shuka za ghorofa nzima. Ilitoka donge. Haikusaidia, nilikuwa nimeshaishika yote kichwani. Wiki za kwanza nilikuchukia kuliko wakati wowote, hata siku ya mazishi. Nilibandua karatasi yangu pale ukutani. Bi Pasi akauliza kulikoni, nikamwambia Mzee Spana alikuwa mwongo. Akanitazama weee, akasema, "Huyo si Mzee Spana unayemsema." Nikamsimulia yote, tukiwa tunakunja. Hakunipa ushauri. Aliniuliza tu, "Na nani aliyemlazimisha akwambie?"

Hakuna. Hilo ndilo linaloninyima raha ya kukasirika vizuri. Ungeweza kunyamaza.

Nami nina la kwako. Mama alikuulizia mara moja, kama saa tisa hivi. Nikamwambia uko njiani, umeshafika hapo chini, unapanda. Akatabasamu. Nilimdanganya, na uongo huo nimeubeba peke yangu kwa sababu wa kumgawia nilikuwa simtaki. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na miwili, Baba, na nilikuwa naogopa vile vile. Ila sikuwa na lifti ya kujifichia.

Watu wa televisheni walitujibu, mistari miwili: asanteni kwa maoni yenu. Kipindi hakitarudi. Kapteni ameibandika chooni. Basi ndiyo hivyo, wale watu wamekwama kwenye giza na hakuna atakayetuambia kama yule mzee alitoka. Nimekubali. Lakini wewe hujafutwa na mtu, na mimi sijafutwa, na sitaki tuishie pale kwenye redio, mmoja anaita na mwingine anajibu bado kidogo.

Mzee Spana nilimsamehe kwa dakika moja kwa sababu hakunifanya lolote. Wewe itachukua muda mrefu, na haiwezekani kwa barua. Nitakufokea. Nadhani nitakufokea siku mbili tatu. Kisha sijui.

Nina mapumziko kuanzia tarehe kumi na mbili. Njoo. Nakaa ghorofa ya tano, jengo la kijivu nyuma ya hoteli, mlango wa kijani. Ukifika hapo chini nipigie simu, namba ni ile ile. Najua goti lako linauma, panda taratibu, pumzika kila ghorofa, nitakuwa nimesimama mlangoni. Lifti yetu imeharibika tangu Jumanne.

Usiiguse, Baba. Panda ngazi.

Bintiyo