Chungu Nilichokiacha Makambako

Mama,

Naandika nikiwa jikoni kwako, nimekalia kile kigoda ambacho ulikuwa hutaki mtu akikalie. Unisamehe. Viti vya ndani mdogo wangu Obadia amevipanga ukutani kama vya ofisi ya kijiji, na nikikaa huko picha yako ya msibani inanitazama. Huku hakuna picha. Kuna lile jiwe lako la kusugulia vyungu, liko dirishani palepale, na hakuna aliyethubutu kulisogeza.

Ni mwezi wa tatu sasa tangu tukuzike. Baridi ya mwaka huu imekuwa kali, asubuhi majani ya bondeni yanakuwa meupe, na viazi vya Obadia vimeungua vyote upande wa mtoni. Kuku wako mwekundu ameamua kutagia kwenye tenga ulilokuwa unapakilia vyungu. Kanisani nafasi yako kwenye benchi la tatu bado iko wazi, wenzako wa kwaya wanaiacha, ila Jumapili iliyopita niliona mtu ameweka mkoba wake hapo. Najua itakaliwa. Sikupenda hata hivyo.

Hayo ni ya kukusalimia tu. Kilichonikalisha hapa ni kingine. Nilikudanganya, Mama, na sasa najua kwamba ulijua.

Unakumbuka siku niliyokusomea ratiba ya safari? Halmashauri ilikuwa imenichagua kwenda Japani wiki sita kujifunza viwanda vidogo vya vijijini, nami nilikuwa naisoma kwa maringo, siku moja baada ya nyingine, mpaka nikafika palipoandikwa kwamba tutatembelea vijiji vya wafinyanzi. Ukaacha kuchambua maharage. "Kumbe Wajapani nao wanafinyanga?" Nikasema ndiyo, tena toka zamani. "Wanawake au wanaume?" Nikasema sijui. "Basi ukirudi utaniambia."

Wiki iliyofuata ukateremka Manda kwa dada yako, na kifua kile. Daktari alikuwa ameshakukataza moshi. Miaka yote hiyo umeishi huku juu kwa Wabena, umeizoea baridi yetu na nyimbo zetu, lakini udongo wa huku hukuwahi kuukubali. Kila kiangazi lazima ushuke ziwani kwenu Ukisi. Safari hiyo ulirudi na chungu kimoja tu. Kidogo, cha maharage ya watu wanne, shingo fupi, mistari myeupe begani. Mdomo wake ulikuwa umeufunga kwa kipande cha kitenge na kamba ya katani.

"Usifungue," ukaniambia. "Mpe yeyote utakayemkuta na matope mikononi. Afungue yeye."

Sikuuliza kuna nini ndani. Niliona najua. Toka nilipokwenda shule ya bweni hujawahi kumpa msafiri chombo kitupu, na siku zote ndani ni unga wa ulezi. Nikakipakata chungu mpaka Makambako, nikijua nimebeba ulezi.

Makambako ndiko nilikokutana na mwenzangu wa safari, afisa wa wilaya nyingine, mwenye begi la magurudumu. Tulikuwa tunakunywa chai kwa mama mmoja muuza chakula pale stendi, tukingoja basi la Dar es Salaam. Akakitazama chungu magotini pangu. "Dada, yaani unawapelekea Wajapani chungu? Watu wanaotuuzia magari yote haya?" Akacheka, mama wa chai naye akacheka, na mimi nikacheka kuwazidi. Basi lilipokuja nikamwachia yule mama. Nikamwambia anitunzie, nitakipitia nikirudi. Mikono ilikuwa myepesi, Mama, na nilifurahia wepesi huo mpaka tukaipita Mafinga.

Ya Japani sikukusimulia vizuri, nilikuwa nayakimbia. Baada ya wiki mbili za darasani walitupeleka vijijini kwa treni ya behewa moja. Inasimama kwenye vituo ambavyo hapandi mtu wala hashuki. Nyumba nyingi zimefungwa, vijana wote wako mijini, na mashambani unaona vikongwe wameinama wanapalilia mpunga, migongo kama ya bibi zetu wa Uwemba. Kisha basi likatupandisha milimani, katika kisiwa kinachoitwa Kyushu, barabara ya kona na miti mirefu, ungedhani unakwenda Makete.

Kijiji chenyewe nilikisikia kabla ya kukiona. Kishindo, kimya, kishindo. Wamechonga magogo makubwa, kichwa kimoja kama upawa. Maji ya kijito yanajaa kwenye upawa, gogo linainama, linamwaga maji, linarudi chini kwa nguvu na kutwanga udongo. Ni kinu kinachojitwanga chenyewe, mchana kutwa na usiku kucha. Nilisimama pale nikaiwaza miguu yako, jinsi ulivyokuwa unakanyaga udongo uani kwa mama mdogo mpaka visigino vinapasuka, na jioni mimi nakupaka mafuta.

Wanaofinyanga kule ni wanaume. Wanawake wanaandaa udongo. Hilo nilikuambia niliporudi, nawe ukasema, "Basi hata huko kazi ngumu ni yetu." Ambalo sikukuambia ni hili. Mfinyanzi mmoja, mzee wa miaka kama themanini, aliambiwa na mkalimani kwamba mama yangu naye ni mfinyanzi. Akasimamisha gurudumu lake la kufinyangia. Akainuka, akaniinamia kidogo, akauliza udongo wa kwetu ukoje. Mnauchanganya na mchanga? Mnauacha siku ngapi? Unapasuka motoni?

Mimi, binti yako niliyesomeshwa kwa vyungu, sikujua hata moja. Nikasema, "Mwekundu." Mkalimani akatafsiri, mzee akawa anangoja maneno mengine. Akainama tena kwa adabu, akarudi kwenye gurudumu lake. Mikono yake ilikuwa na matope mpaka kwenye viwiko.

Siku hiyohiyo nikapiga simu ya Obadia wakakupa.

"Umempata?"

"Nimempata, Mama."

"Ana matope mikononi?"

"Mpaka kwenye viwiko." Hilo lilikuwa kweli, basi yaliyofuata yakateleza yenyewe.

"Amefungua?"

"Amefungua."

"Akasemaje?"

Nikasema wamepika uji palepale, wamekunywa familia nzima, wanasema mtamu. Nikadhani mtandao umekatika, nikaita haloo mara mbili.

"Wamekunywa uji," ukasema.

"Ndiyo, Mama."

"Haya. Mungu awabariki."

Wakati wa kurudi basi lilisimama Makambako, na mimi sikushuka. Ningekichukua chungu ningekuja nacho wapi? Nikageuzia uso dirisha la upande wa pili mpaka tukaondoka. Nyumbani ukanipokea vizuri, ukaniletea uji kwenye kile kikombe kikubwa cha bati, ukakaa mbele yangu mpaka nikamaliza. "Kunywa, Vumi. Wajapani wasije wakatushinda." Nikacheka, nikaona Mama leo ana utani. Wewe ulikuwa unaangalia kikombe.

Mwezi wa tano kifua kikakuchukua.

Siku ya pili baada ya mazishi nilikuwa uani naosha masufuria na mama mdogo Eda. Alikuja toka Manda kwa lori la dagaa, macho yamevimba. Akaniambia kwao mfinyanzi akifa huwekewa juu ya kaburi chungu alichofinyanga mwisho. Nikasema tutafute. "Cha mwisho ndio kile cha Japani," akasema. "Pole mwanangu. Dada aliniambia kilivunjika njiani. Akanikataza nisikuulize, usije ukaona haya."

Mikono yangu ilikuwa kwenye maji ya majivu. Nikamuuliza kama alijua kulikuwa na nini ndani.

"Si ule udongo? Tulichimba wote. Tonge bichi, kubwa kama ngumi mbili. Dada alisema mfinyanzi ukimpa chungu peke yake unampa cha sokoni tu, mwenye kazi yake atataka kuushika udongo wenyewe. Kupanda toka shimoni alishindwa, nilimvuta mkono."

Udongo, Mama. Na mimi nikakupikia uji wake.

Tangu siku ile nairudia simu ile kila ninapolala. Ulijua palepale, hata kabla sijaita haloo. Ungeweza kusema, "Vumilia, mwongo wewe," na mimi ningelia, yakaisha. Badala yake ukakaa nalo msimu mzima, ukanipa uji, na ukamtungia dada yako uongo mzuri kuliko wangu ili mimi nisione haya. Nakukasirikia kwa hilo. Nimeona nikuambie kwa sababu hakuna mwingine wa kumwambia. Ningependa ungenigombeza.

Juzi nikaenda Makambako. Pale stendi sikumkuta yule mama, wakanielekeza amehamia karibu na stesheni ya reli. Nikabisha kwa salamu yetu, kamwene, akageuka akanitambua hapohapo. "Dada wa chungu." Kilikuwa kwenye mafiga mbele yake, kinachemka maharage. Cheusi chote, mistari yako myeupe haionekani tena, na mdomo umemeguka kidogo. "Nilikungoja mwezi mzima ndipo nikaanza kukipikia," akasema. "Hiki hakiunguzi."

Nikamuuliza kilichokuwa ndani. Akaona aibu, akamweka sawa mtoto wake mgongoni, kichanga cha kike. Akaniambia wakati ule alikuwa na huyo tumboni, na mimba yenyewe ilikuwa ya kutaka udongo. Akafungua kitenge, akamega kidogo. Ndani ya wiki mbili akawa ameumaliza wote.

"Unisamehe dada, lakini ule wa sokoni unakwaruza meno. Ule ulikuwa laini, hauna mchanga hata chembe. Unachimbwa wapi?"

Ni swali kama yale ya yule mzee, na mara hii nilikuwa na jibu. Nikamwambia Manda, na kwamba aliyeuchimba amefariki. Akaepua chungu. Akasema nisubiri ayahamishe maharage, nikichukue, ni mali ya kwetu. Nilikuwa nimekuja kwa ajili hiyo, na kanga ya kukifungia nilikuwa nayo. Akanipakulia sahani kwanza. Nikala. Wakaingia mafundi wa reli wanne, wakauliza maharage ya chungu yapo.

Nikakumbuka ulivyokasirika walimu wangu wa shule walipopanda maua kwenye chungu chako. "Nimefinyanga cha maharage," ulisema njia nzima ya kurudi. Nikamwambia yule mama abaki nacho. Sijui kama nimefanya sawa. Kaburi lako bado halina chungu, na nimerudi nyumbani na kanga tupu.

Jambo jingine nikuambie usije ukalisikia kwingine. Yule mkalimani nimemwandikia, tuna namba yake. Anasema udongo mbichi hauruhusiwi kuingia kwao, wangeuchukua uwanja wa ndege. Niliposoma hivyo moyo ulitulia kwa dakika moja hivi, kisha nikakumbuka kwamba chungu kingepita.

Jumamosi nateremka Manda. Nitamwambia mama mdogo kwamba hakikuvunjika, na kwamba wewe hukuwa mwongo ila kwa ajili yangu. Akinifukuza nitalala kwa jirani. Asiponifukuza nitamwomba anipeleke shimoni, nikachimbe, nikanyage mpaka visigino vipasuke, nifinyange viwili. Vitakuwa vibaya, nakuonya mapema. Kimoja nitakuwekea hapo ulipo, ukicheke. Cha pili, kidogo zaidi, nikishakichoma nitampelekea yule mzee kwa posta, na karatasi yenye majibu ya maswali yake yote.

Uliniuliza akasemaje. Kwa sasa jibu nililonalo ni la mama wa Makambako: laini, hauna mchanga hata chembe. Ni la kweli. Lala salama, Mama. Mzee akijibu nitakuja kukusomea hapo kaburini, neno kwa neno, na sitaongeza uji.

Mimi mwanao,
Vumilia