Mafuta Yanayozama

Jumatatu, 3 Machi 1986

Barua imefika kutoka ofisi ya Mombasa. Kurasa sita, na fomu juu yake. Mimi ni fundi wa stima wa shamba la mkonge, si karani – lakini Bwana Mwanzia, meneja wetu, amenisukumia yote. Nimeisoma wakati wa chai, nikairudia.

Waliotengeneza transfoma zetu huko ng'ambo wanasema sheria za kwao zimebadilika. Aina moja ya mafuta ya kupoza, inaitwa PCB, hairuhusiwi tena kwenye transfoma mpya. Yakimwagika udongoni hayaozi, yakiingia mwilini hayatoki. Transfoma za zamani zipakwe mkanda wa njano, zibandikwe onyo, zisifunguliwe, zisivuje hata tone. Halafu swali la tisa: mafuta yamewahi kutolewa? Yakaenda wapi? Andika majina ya waliopewa.

Hilo la tisa nimelipita haraka. Nimechoka.

Jumatano, 5 Machi

Leo kusoma vibao. Transfoma tatu. Mbili hazina tatizo. Ya tatu, iliyo nyuma ya mashine ya mkonge, ni ya 1958. Kibao kimeliwa na kutu, nimekisugua kwa kitambaa na mafuta ya taa mpaka mkono ukaniuma. Herufi ni zile zile za kwenye barua.

Hiyo ndiyo tunayoifungua kila Desemba! Tunatoa mafuta ya chini yaliyochafuka, tunajaza mengine kutoka kwenye pipa la stoo. Na yanayotolewa hayamwagwi. Nani amwage mafuta? Kila mtu huja na chupa yake, tunagawana kama nyama ya mbuzi, na fundi hukinga wa kwanza. Miaka kumi na tisa nimekinga wa kwanza. Wengine hupaka bawaba za milango, wengine mapanga. Mimi hupanda nayo Bura kwa mama, maana kwa mzazi hakuendwi mikono mitupu.

Alhamisi, 6 Machi

Rangi ya njano haipo Voi nzima. Duka moja lina bluu, jingine lina ya maziwa. Mombasa wanataka njano tu. Mwishowe mtu wa stoo akakumbuka nusu mkebe uliobaki walipopaka mawe ya langoni. Imeganda juu kama uji. Nimepaka hivyo hivyo.

Jumamosi, 8 Machi

Bwana Reuben amepiga simu. Yeye ndiye mhandisi wa Mombasa anayekusanya fomu, atafika Ijumaa ijayo. Ana sauti ya upole. Nikamuuliza kama mtu asiye na haja: je, mtu akijipaka? Akasema ngozi hutoka vipele visivyopona, na ndani ini huumia polepole. Nikauliza mtu atayajuaje. Ni rahisi, akasema, tia tone kwenye maji. Mafuta ya kawaida huelea. Haya huzama.

Jumapili, 9 Machi

Bura. Nimepanda na lori la mboga, nimerudi nalo.

Kosa ni langu, na niliseme hapa kwa kuwa hakuna pengine pa kulisema. Miaka minane iliyopita mama alilia magoti. Nikampa chupa, nikamwambia kwa mzaha: jipake, nguvu ya stima imo ndani. Aliamini! Akajipaka, akapata nafuu, akampaka jirani. Sasa kila Jumapili baada ya Misa wanawake wa jumuiya huketi kwenye benchi lake, nguo juu ya magoti, na mama anapita akisugua mmoja mmoja. Zamani alikuwa mjane wa kukaa nyuma kanisani, asiyeulizwa neno. Leo husalimiwa kabla ya mke wa katekista.

Nilisubiri waondoke. Nikaomba glasi ya maji, nikadondosha tone kutoka jerikeni anamokusanya chupa zangu. Lilikaa juu kidogo, kama linafikiri. Likazama.

Nikamweleza yote. Ana vipele vyeusi kuanzia viganjani mpaka viwikoni, anasema ni uzee. Hakunipigia kelele.

"Wewe ndiye uliyeniletea," akasema. "Sasa hawa wanawake niwaambie nini, Fanuel?"

Nilichukua jerikeni nikaondoka kama mwizi, mama amesimama mlangoni. Nimeona aibu ambayo sijaiona tangu utoto.

Jumanne, 11 Machi

Bwana Mwanzia ameniita ofisini. Ameona swali la tisa liko wazi. Akafunga mlango. Tukiandika ndiyo, anasema, Mombasa watazima mashine mpaka transfoma nyingine ipatikane, na watu mia nne watakaa nyumbani. Halafu watauliza nani aliyefungua koki.

"Andika hakuna, Fundi. Umebakiza miaka miwili ustaafu. Usijitie kitanzi."

Si mtu mbaya. Hilo ndilo linalonichosha zaidi.

Nimemwambia mke wangu Gertrude. Akasema wale wanawake waandikwe, waonwe na daktari, na mama awe wa kwanza. Baadaye, akichambua mboga, akaongeza kwamba anajua nyumba hii ni ya shamba.

Alhamisi, 13 Machi

Nimeandika. Hakuna. Nikatia sahihi. Bwana Mwanzia ameifunga bahasha kwa mkono wake.

Ijumaa, 14 Machi

Saa nne na nusu. Naandika karakana, nimesimama, daftari juu ya meza ya vifaa. Bwana Reuben amefika mapema. Amezunguka transfoma zote, amesifu mkanda wa njano, amekwenda ofisini kuchukua bahasha. Nikamshukuru Mungu.

Kumbe mama yuko langoni! Ameshuka peke yake kutoka Bura, na magoti yale. Askari amekuja kuniambia: mama yako anataka mafuta yake, anasema wagonjwa wanangoja. Nikatoka mbio. Lakini Bwana Reuben alikuwa ameshafika pale kwenye gari lake, anamsalimu, bahasha kwapani. Nikarudi ndani. Sijui kwa nini. Miguu ilirudi yenyewe.

Nawaona dirishani. Mama amekunja mikono ya gauni mpaka juu ya viwiko. Bwana Reuben ameinama, anatazama ngozi, hagusi. Anamuuliza kitu. Mama anacheka, amenyooka, mgeni mkubwa anamsikiliza. Naogopa. Na bado, Mungu anisamehe, naona fahari kumwona amesimama vile.

Sasa Bwana Reuben ametoa kalamu. Ameweka bahasha yangu juu ya boneti ya gari, anaandika juu yake kila jina analotaja mama. Mama anahesabu kwa vidole, polepole, asimkosee mtu heshima. Namjua, hatamsahau hata mmoja. Amemaliza vidole vya mkono wa kulia, ameanza vya kushoto.