Mwisho Niliokuficha

Mama,

Leo nimevaa koti lako la kijani, lile ulilosema linakufanya ufanane na kabichi. Theluji ya Marekani imeanza hapa Fridley. Nilikuwa nimeapa sitaligusa, lakini langu limekatika zipu, na baridi haijui msiba.

Nina jambo la kuungama. Ile riwaya ya Kijapani niliyokusomea kila ulipokwenda kusafishwa damu, unaikumbuka? Ya mzee fundi wa miavuli, aliyeficha vijikaratasi ndani ya miavuli, vikasomwa na msichana aliyeishi miaka hamsini baadaye, ambaye wakati huo hata hakuwa amezaliwa, naye akamjibu. Kitabu kilikuwa cha Kiingereza, nami nikikugeuzia kwa Kiswahili ukurasa baada ya ukurasa. Yule mzee ulimwita "jirani yangu."

Sura ya mwisho nilikudanganya, Mama. Nilikwambia mzee alipona, akarudi dukani kwake. Hakupona. Alikufa, na kabla ya kufa alimwandikia msichana kijikaratasi cha kumuaga. Nilipoufikia ukurasa ule, nilitunga uongo pale pale. Wiki hiyo hiyo ulikuwa ukiniambia, "Kaa chini, tuongee kuhusu siku nitakapoondoka." Mara tatu ulianza, mara tatu nikainuka kwenda kuchemsha chai. Nilijiambia nakulinda. Nilikuwa najilinda mimi.

Ukaondoka hujaniaga. Tangu tukuzike Meru nikarudi huku, hilo ndilo limekuwa likinila.

Jumapili baada ya ibada, Mama Furaha akanishika mkono. Yule Mkongo wa kiti cha kando yako pale kliniki. Ulipofariki alikuwa amelazwa, hakuweza kuja hata kwenye maombi. Nilidhani anataka kunipa pole, kumbe alikuwa na amana yako.

"Mama yako alijua unamudanganya," akasema. "Alisema ile siku sauti yako ilipanda kama ya mutoto aliyevunja sahani. Akaniambia, huyu anaogopa, sitamulazimisha. Maneno yangu nitakuachia wewe."

Akanipa moja moja. Kwamba umeshiba siku. Kwamba hunidai neno lolote, na zile chai zote tatu ulizinywa ukijua. Kwamba nisijifungie ndani na picha zako. Na ulimalizia kwa kumwagiza: "Umwambie nimemuaga vizuri." Nililia pale kwenye maegesho ya magari bila aibu, Mama, na yeye akasimama nami kwenye baridi mpaka nikamaliza.

Kisha akauliza kama mzee wa miavuli alipona kweli. Kumbe kila nilipotoka, ulikuwa ukimsimulia.

Basi nami nakuaga, Mama yangu. Pumzika. Alhamisi nitakaa kando ya kiti chake kule kliniki, nimsomee sura ile yote, bila kuruka neno. Na akitaka kuongea kuhusu siku yake, nakuahidi, sitainuka.

Binti yako,
Kendi