Jani Lenye Unga

Likoni, Alhamisi, 1961

Si uchovu. Najidanganya tu.

Vile vichaka viwili vya majani ya chumvi kule ufuoni ni jamii moja, vimefanana mno. Kimoja mbuzi hula wakanenepa. Cha pili huwaharisha hadi kufa. Mavyaa, mama wa mume wangu, alinifundisha kuvitambua kwa vidole: jani zuri lina unga juu yake, baya ni nyororo.

Leo nimeyasugua yote mawili. Sikuhisi kitu.

"Lipi zuri, mwanangu?"

"Hili," nikabahatisha.

Akalipokea, akalitupa. Kisha akanishika vidole, akavitazama.

Juzi niliungua kidole jikoni, nikajua kwa harufu. Wallahi naogopa ni ukoma.

Jioni nilimpima mtoto wangu homa kwa shavu langu, si kwa mkono. Mavyaa akamchukua, akaenda kumlaza chumbani kwake.