Sahani ya Baba

Rangwe, Jumapili jioni

Kaka yangu Levis,

Habari za huko Migori? Edith hajambo? Na yule mtoto wenu, bado anauma watu? Sisi huku tu wazima, mvua haitupi nafasi lakini mahindi yanapendeza. Nimeona nikuandikie kwa sababu kwa simu siwezi. Mama hukaa karibu akisikiliza kila neno, halafu ananipokonya simu akusalimie.

Mama amenenepa, Levis. Ukimwona utadhani ni raha, kama wanavyodhani huko sokoni. Wanamwambia ujane umemkubali, naye anacheka. Yawa, watu wana midomo! Lakini daktari alimpima mwezi uliopita akasema sukari imepanda vibaya, na asipopunguza kula, macho na miguu itaharibika.

Basi nikaanza kumchunguza, unajua mimi sina adabu. Dagaa wake wa kuuza, omena, wakinyeshewa, au mteja akimtukana, anapitia kwa Bosibori anayeuza mandazi, anakula akiwa amesimama, kisha ananiambia ilikuwa njaa tu. Hayo ya kila siku niliyaweza. Nilimwomba Bosibori amnyime, wakagombana, wakapatana, na sasa anampa moja tu na chai isiyo na sukari.

Yaliyonishinda ni ya jioni. Tangu tumzike Baba, Mama anapika ugali wa watu watatu. Anamkatia Baba upande wake, anamwekea kipande kikubwa cha samaki, na sahani anaiweka pale alipokuwa akikaa. Tunakula tukipiga stori. Tukimaliza anasema chakula hakitupwi, anaivuta ile sahani na kuila yote polepole. Hata akiwa ameshiba mpaka anahema, haachi.

Najua utauliza kwa nini sikumkataza. Nilimkataza. Tulipotoka kwa daktari nilimwambia kwa upole kwamba Baba hayupo, apike wa kututosha sisi wawili. Hakubisha hata kidogo. Alisema nimesema kweli, akapika kidogo, akaandaa sahani mbili. Akala yake, akanawa, akaosha vyombo huku akiimba.

Aliyeshindwa ni mimi, kaka. Nilipaangalia pale mahali patupu, nikaiacha sahani yangu nusu. Kesho yake nikamwambia ugali haukunitosha, apike kama zamani. Alinitazama tu, akaongeza unga. Kumbe ninayemtaka Baba mezani ni mimi, na Mama anaila ile sahani kwa ajili yangu. Nimemrudisha kwenye ugonjwa kwa mdomo wangu mwenyewe, na mpaka leo sijaweza kumwambia. Naona aibu, na ninaogopa sana tusije tukamzika na yeye.

Tafadhali njoo Ijumaa, uje na Edith na mtoto. Usimgombeze Mama, wala mimi usinigombeze mbele yake. Wewe kaa tu pale pa Baba, ule hicho chakula. Mkishaondoka nitamwambia mwenyewe kwamba ugali wa wawili unanitosha, na nikilia, nitalia akiniona.

Nisalimie Edith sana, na huyo mwenye meno mbusu kwa mbali. Mama ameniona nikiandika, akaniuliza ni kwa nani. Anakusalimu, anasema ule vizuri.

Dada yako mdogo akupendaye,
Joyline