Miaka Sitini ya Kiden

Jumatatu, 3 Machi. Arua
Orodha ya wastaafu wa mwezi huu ina jina moja: Kiden, dobi wa wodi ya wazazi katika kituo chetu cha afya cha Koboko. Ametimiza miaka sitini mwaka huu. Barua ya kumstaafisha imechapwa, imetiwa saini, dereva ameondoka nayo kabla ya saa nne. Kisha nikapanga upya majalada ya herufi K, ingawa yalikuwa yamepangika. Mahojiano ya nafasi ya mkuu wa utumishi wa mikoa yote ni tarehe 20. Miaka kumi na minane katika kazi hii, na hakuna jalada langu lililowahi kukosolewa. Nakitaka cheo hicho. Nakiandika hapa kwa kuwa sitakitamka popote.

Jumatano, 5 Machi
Kiden amekuja mwenyewe. Barua imekunjwa mara nne ndani ya leso. Alikuwa amefunga kitambaa kichwani. Alikataa kiti.
"Madam, mimi hapana mzee. Hii miaka nani nahesabu?"
Nikamwonyesha nakala ya kitambulisho chake cha taifa. Akacheka.
"Hii? Mimi napeleka karatasi yenu, watu ya kitambulisho naandika kama yenu."
Nilimjibu kwamba ofisi hufuata hati. Jibu sahihi. Alipotoka nililifungua jalada lake hadi karatasi ya kwanza. Tarehe ya kuzaliwa: 1 Januari. Mwandiko ni wangu.

Alhamisi, 6 Machi
Nakumbuka. Ilikuwa wiki yangu ya kwanza kazini. Wafanyakazi wamejipanga kwenye korido ya Koboko, wengi hawana cheti chochote, na fomu haikuruhusu nafasi tupu. Niliwatazama mmoja mmoja, nikakadiria. Kiden alikuwa amekonda, kichwa kimenyolewa kipara. Nikampa miaka arobaini na miwili.
Ukurasa wa pili, kwa mwandiko huohuo: mjane, mume amezikwa mwezi uliopita.
Kwa hiyo kichwa kilinyolewa kwa msiba. Nilitazama msiba nikaandika umri.
Sikula mchana. Nimezunguka uwanja wa ofisi mara tano, mlinzi akaniuliza kama nimepoteza funguo.

Jumamosi, 8 Machi. Ayivu
Siku ya Wanawake, ofisi imefungwa. Nimepanda boda hadi kwa Poni, dada mkubwa wa Kiden, aliyeolewa huku; Kiden ndiye aliyenielekeza kwa simu. Nilimkuta anamenya mihogo na wakwe zake. Hakuuliza nimefuata nini. Kiden alikwisha kumpigia simu. Akaleta kopo la biskuti, ndani yake kadi yake ya ubatizo iliyofungwa kwa plastiki. Tarehe imeandikwa kwa wino wa padri. Poni ana miaka hamsini na tisa.
"Mimi iko na miaka saba, huyu nazaliwa. Mama naenda shamba, huyu nabebwa na mimi hapa." Akajipiga mgongoni. "Nakojoa mimi mpaka rinda naoza! Leo nyinyi nasema yeye mkubwa yangu? Basi yeye kuje, anibebe."
Wakwe zake walicheka hadi visu vikawaponyoka. Mimi nilikuwa nikipiga hesabu. Kwa mujibu wa jalada langu, Kiden ni mkubwa kuliko dada aliyembeba mgongoni. Ana hamsini na mbili. Nilimwongezea miaka minane.

Jumanne, 11 Machi
Nimemweleza Mkurugenzi. Alisema jalada na kitambulisho vinakubaliana, nachimba nini? Nikamwambia vinakubaliana kwa sababu kimoja kimezaa kingine. Akanikumbusha mahojiano, kwa upole, na upole wake ndio ulionichukiza. Akashauri nisubiri hadi tarehe 20 ipite.
Orodha ya wastaafu inafungwa tarehe 14. Baada ya hapo Kiden hana kazi, na kumrudisha kutahitaji bodi ambayo haitakaa. Binti yake yuko chuoni kwa kazi hiyo tu.
Naogopa. Si kwa ajili ya Kiden. Kwa ajili yangu.

Alhamisi, 13 Machi
Nimewasilisha taarifa saa tisa alasiri. Kurasa mbili, na kiapo cha Poni. Kosa ni langu. Nimetaja pia majalada mengine kumi na moja ya wiki ile, yote 1 Januari, yote mkono wangu.
Nimeipangusa meza mara mbili.

Alhamisi, 20 Machi
Mahojiano. Dakika arobaini. Dakika thelathini na tano juu ya majalada kumi na mawili.

Jumatatu, 24 Machi
Nafasi amepewa mwenzangu wa Gulu. Barua ya kumstaafisha Kiden imefutwa. Nimepewa hadi Juni kusahihisha majalada yaliyobaki. Habari zote tatu zimo katika waraka mmoja, aya moja.
Nimeumia. Nilitarajia uadilifu ungelipa. Hesabu ya kitoto. Nina wivu pia, na mwenzangu hana kosa.

Ijumaa, 28 Machi. Koboko
Shuka za wodi zilikuwa kwenye kamba nilipofika. Nilikuwa nimemweleza Kiden kwa simu jinsi nilivyomkadiria umri kwa kichwa kilichonyolewa. Alinipokea bila kitambaa cha kichwa. Nywele zimesukwa mistari, mvi chache juu ya masikio.
"Madam, leo naona kichwa yangu vizuri?"
Nikasema naona.
Tukajaza fomu mpya juu ya meza ya kupigia pasi. Mwaka niliuandika kwa ushahidi wa Poni. Siku na mwezi, Poni anakumbuka tu kwamba mtama ulikuwa unavunwa. Fomu ni ileile, haipendi nafasi tupu. Kalamu ilisimama. Kisha nikaandika: haijulikani.
Kiden alitia saini polepole, herufi tano. Wingu la mvua lilikuwa linapanda upande wa Kongo. Akanipa ncha moja ya shuka, akashika nyingine, tukakunja hadi kamba ikabaki tupu.