Upande wa Chini wa Jani

Lunca Veche, 2 Mei 2004

Mama yangu,

Nakusalimu, na Sanda anakusalimu kwa mkono mmoja, maana ule mwingine uko mdomoni, meno yanamsumbua. Mgongo wako vipi? Yule bibi unayemtunza bado anakuamsha kila saa kutaka maji? Kifurushi dereva Sava amekifikisha. Kahawa salama, mafuta yamevuja kidogo juu ya soksi. Sisi ni wazima, ila mimi nimechoka. Jana nilisinzia nikiwa nasonga ugali.

Mama, nyanya za kwenye banda la nailoni zinaumwa. Juu ya majani kuna mabaka ya manjano, madogo kama dengu. Ukigeuza jani, chini kuna manyoya. Si vumbi, ni manyoya, ya rangi ya kinyesi cha bata. Nilipogusa yalinibaki kidoleni, laini, yana ubaridi, kama tumbo la panya aliyekufa. Nilinawa kwa sabuni, nikanawa tena kwa siki, bado nikaona kinyaa kumpa mtoto titi.

Mama mkwe hageuzi jani. Anasimama mlangoni, anatazama juu juu na kusema, "Bakajani hilo, kama la viazi. Pulizia mrututu." Nikapulizia mrututu, ile dawa ya buluu, pamoja na chokaa. Wiki iliyofuata akasema pulizia tena. Sasa banda zima ni la buluu, mikono yangu ya buluu, na manyoya yanapanda juu kila siku. Kila asubuhi anapita anatemea mate miche iliyobaki, ptu ptu, watu wasiitie jicho baya. Mate yananing'inia kwenye majani, mama. Halafu mimi ndiye ninayeyashika.

Unajua kwa nini siwezi kulala. Tulikubaliana kwamba zao hili likifa nitakuja huko Padova kumtunza yule mama jirani wa bibi yako, na Sanda atabaki na mama mkwe. Mume wangu Petru alikubali kwenye simu kutoka Moscow, mama mkwe akakubali, wewe ukakubali. Mimi nilitikisa kichwa tu, nilikuwa nafua nepi.

Wewe ulifanya kazi kwenye mabanda ya vioo ya ushirika miaka mingi. Nakutumia majani matatu uyaone. Nimeyafunga vizuri kwenye nailoni yasikauke.

Mwanao,
Viorika


Padova, 12 Mei

Viorika mwanangu,

Nimefurahi kusikia mnapumua wote. Mgongo ni uleule, sina habari mpya ya kukupa. Mwambie Sanda bibi yake anambusu kwenye hayo mashavu. Msugue ufizi kwa kitambaa safi chenye maji baridi.

Nilifungua mzigo wako mezani jikoni, bibi anakunywa maziwa yake. Mwanangu, hukutuma majani, ulituma matapishi. Maji meusi yalimwagika juu ya kitambaa cha meza, na harufu ilitoka ikajaa mpaka sebuleni. Bibi aliziba pua akasema, "Eudokia, umeletewa maiti kutoka kwenu?" Alikataa maziwa siku nzima.

Lakini nilikaza moyo nikayatandaza kwenye gazeti. Uliandika mabaka ni kama dengu. Hapa yote matatu yamevaa manyoya kutoka ncha mpaka kikonyo, kama koti. Siku tatu ndani ya gari la Sava hakuna mvua iliyonyesha humo. Yamekula nini njiani? Yamekula jasho lao wenyewe, ndani ya nailoni uliyoifunga fundo. Sasa niambie, banda lenu ni la nini kama si nailoni?

Usinisikilize mimi wala mama mkwe wako. Nenda kaangalie. Bakajani halisi, jani huwa kama limemwagiwa maji ya moto, linakuwa jeusi, linalegea. Chini yake unga mweupe unaonekana pembeni mwa baka, asubuhi tu. Shina nalo linaungua, na tunda linapata madoa ya kahawia, magumu. Huu mwingine sisi tuliuita ukungu wa mahameli. Juu ni manjano isiyo na mpaka, chini ni hayo manyoya yako, unaanzia majani ya chini, shina na tunda havina neno. Tazama shina. Tazama tunda.

Halafu niambie kama milango mnafungua.

Yule mama jirani ananiuliza kila nikitoa takataka utakuja lini.

Mama yako


Lunca Veche, 19 Mei

Mama,

Shikamoo ya mbali, na pole kwa kitambaa cha bibi. Nilicheka, kisha nikaona aibu. Sanda ana jino moja linachungulia, analia usiku, mchana anauma kila kitu hata goti langu.

Nilipiga magoti nikapitia mstari mmoja mzima, mche kwa mche, nikigeuza kila jani. Mashina ni ya kijani. Matunda ni safi, saizi ya yai dogo. Majani ya chini yote yana yale manyoya, ya katikati nusu, ya juu hayana kitu. Ni mahameli yako, mama. Nilipotoka nilikuwa na vumbi lake puani na kwenye nyusi. Nilitapika nyuma ya banda, mama mkwe akanitazama tumbo.

Milango haifunguliwi. Mmoja unafunguliwa nikiingia, unafungwa nikiwa ndani. Ule wa nyuma mama mkwe aliuziba kwa gunia tangu Machi, na kila tundu limeshindiliwa matambara, yakiwemo soksi za marehemu baba mkwe. Asubuhi maji yanadondoka kutoka juu kama mvua, shingoni, kwenye majani, kila mahali. Hewa unaweza kuitafuna.

Nikamwambia mama mkwe, "Mama, tufungue yote miwili, upepo upite."

Akajishika kifua. "Upepo upite wapi?"

"Uingie huku utoke kule."

"Unajua upepo wa namna hiyo unafanya nini? Ulimpinda mdomo mke wa Toader. Ulimziba sikio mume wangu mpaka kaburini."

"Hizi ni nyanya, mama. Hazina masikio."

"Zina shingo," akasema. "Na wewe una mtoto anayenyonya. Upepo ukikupiga kifuani, maziwa yanaganda. Hapa mlango ni mmoja."

Mama, naomba uniunge mkono. Mwandikie, wewe atakusikia.

Mwanao,
Viorika


Padova, 26 Mei

Viorika,

Tunaendelea, bibi ameanza tena kula. Natumai jino limetoka.

Umeangalia vizuri, mashina nayaamini. Acha mrututu, unaongeza maji tu. Kata majani yote mabovu ya chini asubuhi hewa ikianza kukauka, usiyatupe mlangoni, yachome. Mwagilia chini, usimwagilie juu. Na fungua mlango, mama mkwe wako amekosea.

Lakini fungua mmoja, mwanangu. Yote miwili hapana. Kule ushirika tulikuwa na madirisha ya juu, upepo ulipita juu ya vichwa vyetu. Huu wako utakupiga kiunoni. Mimi huu mgongo nimeupata wapi? Na Sanda usiingie naye. Mfunge kitambaa masikioni hata kama jua linawaka. Hilo silijadili na mtu.

Mama yako


Lunca Veche, 4 Juni

Mama,

Salamu. Naandika kwa haraka, Sava anasubiri barabarani na injini inawaka.

Nilifungua mmoja siku nne. Hewa iliingia ikasimama palepale kama mgeni asiyekaribishwa ndani. Nyuma kulibaki kunatoa jasho, na mahameli yakapanda tena. Siku ya tano nilikata lile gunia kwa kisu. Mama, lilikuwa limeoza, lina funza weupe, lilinianguka miguuni. Kisha upepo ukapita. Majani yote yaligeuka kwa pamoja, nikaona upande wa chini wa banda zima. Sijawahi kuona uchafu wa namna ile mahali ninapopatia chakula.

Sanda alikuwa nje kwenye kizimba chake cha mbao cha kuchezea. Usiku akapata homa.

Mama mkwe hasemi nami. Anasema na kuku, nami nasikia: "Kuna watu wanaua mtoto kwa ajili ya jani." Alimpigia Petru. Petru akaniambia, "Funga huo mlango, usinifanye niache kazi nije." Nikamwambia njoo.

Sijafunga. Sanda nampa maji, namfuta, namnyonyesha. Anakunywa. Kama angekataa titi ningeogopa.

Mwanao


Padova, 10 Juni

Viorika,

Funga. Nyanya ni nyanya, mtoto ni mtoto. Sikukufundisha ukaidi huu.

Yule mama jirani nimempa neno kwamba utakuja Julai. Chumba chako amekipaka rangi. Banda hilo limekwisha, acha kulihangaikia, lete akili yako huku. Mama mkwe wako Paraskiva amelea wanne, atamlea na huyu.

Niandikie homa imefikia wapi.

Mama


Lunca Veche, 4 Julai

Mama yangu,

Nakusalimu na kukuulizia afya, na naomba radhi kwa kunyamaza. Gari la Sava limepita mara tatu, mara tatu nikalitazama likipita. Nilikuwa na hasira, na sikutaka upokee hasira yangu mezani mbele ya bibi, kama yale majani.

Homa ilikuwa meno. Yalitoka mawili kwa pamoja, ya mbele, homa ikashuka siku ileile na akala ugali na jibini mpaka akalala na kijiko mkononi. Mama mkwe anasema ni maombi yake. Nimemwachia.

Milango ilibaki wazi yote miwili, mchana na usiku. Nilikata majani ya chini mpaka mashina yakabaki uchi kama miguu ya kuku. Nilijaza mikokoteni. Nilipoyachoma, yalikuwa mabichi, moshi mzito wa manjano ukajaa uani, na kwa siku mbili nywele zangu, mto wangu, hata mkate ulinuka vile. Sitaisahau harufu ile. Lakini majani yaliyoota baadaye nimeyageuza moja moja. Chini ni ya kijani, yana vinyweleo vyake vya kawaida tu.

Zao ni nusu ya la mwaka jana. Vishada vya kwanza vilidumaa, vya juu vimejaa. Lori la mfanyabiashara limekuja, limechukua, litarudi Alhamisi. Mama mkwe anachuma nami. Anakuja na koti la baridi, kitambaa cha sufu kichwani na pamba masikioni, Julai hii, na jasho linamtiririka mpaka kwenye kreti. "Nikifa ni wewe," ananiambia, huku mkono haupumziki.

Petru anasema nusu haitoshi, basi mpango ni uleule, nipande gari la Sava. Alipiga simu Jumapili, na mama mkwe akiwa pembeni wakaanza kupanga nani atamnywesha Sanda maziwa ya ng'ombe, na nguo zake zihamie kabati lipi. Nilikuwa nimekaa hapohapo na mtoto mapajani. Mama, nilishika majani yale miezi miwili, nikashika funza kwa mkono mtupu, lakini sikuwahi kusikia kichefuchefu kama nilichosikia pale mezani. Nilichukua simu nikamwambia Petru, "Mwenye kunyonyesha hasafiri. Wewe hunyonyeshi, na tayari uko safarini. Kaa huko mpaka msimu wa pili, mimi nitapanda matango mwezi huu huu, na banda litakuwa na milango miwili."

Amekata simu. Atapiga tena.

Nawe, mama, nakuomba kwa heshima zote. Mwambie yule mama jirani siji. Usimwambie nimechelewa, wala mtoto anaumwa. Mwambie siji, atafute mwingine, na rangi ya chumba namshukuru. Ikikuwia vigumu, nitumie jina lake nimwandikie mwenyewe.

Sikulaumu kwa kunitafutia kazi. Ulifikiri unanifungulia mlango. Ila usinipangie tena kitu kinachonitenga na huyu, wewe wala mtu mwingine yeyote. Njoo wewe, ukipewa likizo. Kitanda cha karibu na jiko ni chako.

Nakomea hapa. Ameamka.

Mama yake Sanda